UZI: Msitu wa Kongo uliwahi kupoteza watu wake, karne 13 hivi kabla ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji

Kokwa_Nyeusi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Shuleni tulichorewa ramani moja ya Wabantu. Mshale unaanzia mpakani mwa Nigeria na Kameruni, unakata msitu wa Kongo, kisha unagawanyika: mmoja unakuja Maziwa Makuu na pwani, mwingine unateremka kusini. Walikofika wakalima, wakafua chuma, wakazaana, na wajukuu zao ndio sisi. Ramani hiyo bado imo vitabuni. Naleta uzi huu kwa sababu kipande chake cha katikati, kile cha msituni, hakisimami tena, na kilichokiangusha ni mkaa na kokwa za michikichi.

Mwaka 2021 ulitoka utafiti ulioongozwa na Dirk Seidensticker wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji. Alishirikiana na watu wa fani mbalimbali, wakiwemo Koen Bostoen, mwanaisimu wa lugha za Kibantu, na Pierre de Maret, aliyechimba Kongo tangu miaka ya 1970. Walikusanya tarehe 1,149 za radiokaboni (umri wa mabaki kama mkaa, unaopimwa kwa kaboni iliyomo) kutoka maeneo 726 ya msitu wa Kongo na pembezoni mwake, wakazioanisha na mitindo 115 ya vyungu.

Picha iliyotokea ni hii. Kuanzia mwaka 800 KK hivi, shughuli za watu msituni zinapanda, na zinabaki juu hadi mwaka 400 BK. Kati ya 400 na 600 BK zinaporomoka. Si Gabon peke yake wala mkoa wa Equateur wa Kongo peke yake, ni sehemu kubwa mno ya msitu. Zinakaa chini kwa karne kadhaa. Kuanzia mwaka 1000 hivi watu wanaongezeka upya, na kipindi hicho cha pili kinaendelea hadi 1900, wakoloni wanapokuwa wameshaingia.

Fikirieni maana yake. Wale wa kwanza, waliofyeka msitu na kuyeyusha chuma kwa zaidi ya miaka elfu, huenda si mababu wa moja kwa moja wa wengi wanaoishi huko leo. Watafiti wanasema watu na lugha vilisambaa juu ya msambao uliotangulia, wimbi juu ya wimbi. Lugha nyingi za Kibantu zinazosemwa msituni sasa huenda ziliingia na waliorudi.

Niseme mapema: Kiswahili chetu kiko tawi la mashariki, na utafiti huu unahusu msitu. Asije mtu akachukua mwaka 400 akaubandika Kilwa au Bagamoyo.

Jambo hili linanigusa sana. Tumezoea kuambiwa kwamba Afrika ya kabla ya ukoloni ilikuwa imetulia tuli, watu walewale, mahali palepale, mpaka Mzungu alipofika ndipo historia ikaanza. Kumbe kulikuwa na kupanda na kushuka, kulikuwa na maafa makubwa, na kulikuwa na watu walioyavuka.

Maswali karibuni.

Daktari_Kijiji

Mkuu, uzi mzuri, ila nina shaka na msingi wake. Radiokaboni inapima umri wa kitu. Haihesabu vichwa. Unatokaje kwenye umri wa kipande cha mkaa hadi idadi ya watu?

Kokwa_Nyeusi

Daktari, hapo ndipo penyewe, acha nichukue nafasi.

Kwanza upimaji. Juu angani miale kutoka anga za mbali huzalisha nyutroni, nyutroni zikigonga naitrojeni inazaliwa kaboni-14. Mimea inaivuta pamoja na hewa ukaa, sisi tunaila. Kiumbe kikifa hakiongezi nyingine, na iliyomo inaoza kwa kasi inayojulikana: kila miaka 5,730 nusu yake inatoweka. Willard Libby na wenzake huko Chicago walionyesha mwaka 1949 kwamba inaweza kutumika kama saa, na mwaka 1960 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia. Ukivuka miaka 50,000 hivi, kilichobaki ni kidogo mno kupimika.

Sasa kuhusu watu. Mwaka 1987 mwanaakiolojia John Rick, akishughulikia Peru ya kale, alitoa hoja kwamba tarehe zenyewe ni takwimu. Watu wakiwa wengi, mioto inakuwa mingi, takataka zinakuwa nyingi, mkaa unaofukiwa unakuwa mwingi, na mchimbaji wa leo ataukuta zaidi. Kwa hiyo ukikusanya tarehe mia kadhaa za eneo moja na kujumlisha uwezekano wa kila moja kwenye grafu, vilima na mabonde ya grafu yanakupa fununu ya watu kuongezeka na kupungua. Hupati “walikuwa milioni mbili”. Unapata “walikuwa wengi kuliko karne iliyotangulia”.

Umefanya vizuri kutia shaka, kwa sababu grafu hiyo inadanganyika kirahisi.

Tarehe yoyote ya maabara lazima irekebishwe, kwa kuwa kiasi cha kaboni-14 angani hakikuwa kilekile miaka yote. Marekebisho hufanywa kwa kulinganisha na pete za miti yenye umri unaojulikana na kumbukumbu nyingine za asili. Ubaya ni kwamba kuna vipindi ambapo mstari wa marekebisho unalala, yaani miaka mingi tofauti inatoa jibu lilelile. Kimojawapo ni kati ya 800 na 400 KK. Maabara ikikupa jibu la miaka 2450 iliyopita, toa au ongeza 30, baada ya kurekebisha unaambiwa popote kati ya 750 na 400 KK, takriban. Miaka 350, na hakuna namna ya kuipunguza kwa tarehe moja! Kwa bahati mbaya ndicho kipindi ambacho wafua chuma wa kwanza wanaingia msituni. Mwanzo wa simulizi yetu una ukungu, na mtu akikuambia walifika mwaka fulani kamili, muulize ameutoa wapi.

Kisha kuna suala la kilichopimwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 vilipelekwa Chicago vipande vya mti wa tambuti kutoka chini ya ukuta wa Zimbabwe Kuu. Majibu yakaelekea karne ya 6 na ya 7, na kwa miaka mingi yakawachanganya watu. Mti ule unaishi muda mrefu, na mbao zake haziozi ovyo, kwa hiyo kinachopimwa ni umri wa moyo wa mti, na wajenzi wanaweza kuwa wamekuja karne nyingi baadaye. Ndiyo maana wachimbaji wa msituni wanapenda sana kokwa za chikichi. Chikichi ni tunda la msimu mmoja. Likiungua leo, umri wake ni wa leo.

Mashimo ya wale watu wa kwanza yana kokwa hizo tele. Shimo la kawaida lina kina cha mita moja, mbili, wakati mwingine zaidi. Udongo wake ni mweusi kuliko ule mwekundu au wa njano ulio pembeni, na ndani mna vigae vikubwa, mkaa, na vipande vya kokwa vilivyoungua, vyembamba, vyenye ukingo mkali. Kikokwa kimoja chepesi kuliko punje ya mchele kinatosha kutoa tarehe siku hizi, kwa kuwa mashine za kisasa huhesabu atomi zenyewe badala ya kusubiri zioze.

Ili kujua kama bonde la 400–600 ni la kweli, kompyuta hutengeneza maelfu ya tarehe za kubuni kana kwamba watu waliongezeka bila misukosuko, kisha grafu halisi inalinganishwa nazo. Likijitokeza bonde lisiloweza kuelezwa na bahati wala na mstari uliolala, ndipo unaanza kuamini. Na kilichonishawishi mimi zaidi ni vyungu. Idadi ya mitindo ya vyungu nayo inashuka kipindi hichohicho. Si mashahidi wasiojuana kabisa, maana umri wa mitindo mingi nao umetokana na kaboni, lakini wamesema jambo moja.

Nyuki_wa_Tabora

Mkuu nimekuelewa. Ila naona hatari hapa. Wakoloni walidai ardhi ilikuwa tupu. Sasa wewe unatuletea grafu inayosema ardhi ilikuwa tupu. Huoni unawapa silaha?

Kokwa_Nyeusi

Swali zito hili, ndugu yangu.

Tuanze na wakoloni wenyewe. Tarehe 1 Julai 1885 Dola Huru ya Kongo ya Leopold ilitangaza kwa amri kwamba ardhi yote isiyokaliwa ni mali ya dola. Mashamba yaliyopumzishwa, misitu ya kuwindia, michikichi iliyopandwa na mababu, vyote vikahesabiwa havina mwenyewe. Mpira na pembe za ndovu vikachukuliwa humo, na tunajua kilichofuata hadi 1908. Wakati huo, hata kwa grafu hii, watu walikuwa wamesharudi msituni tangu karne nyingi. Bonde la mwaka 500 halimpi Leopold haki ya kiganja kimoja cha udongo wa mwaka 1885.

Na nikukumbushe Afrika Kusini, kwa sababu huko radiokaboni iliwaumbua wenye hadithi ya ardhi tupu. Watoto wa shule walifundishwa kwamba Waafrika wenye ng'ombe na chuma walivuka mto Limpopo takriban wakati uleule Waholanzi walipotua Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1652. Kisha zikaja tarehe. Silver Leaves, karibu na Tzaneen, wakulima wenye chuma walikuwapo kwenye karne ya 3 au ya 4. Broederstroom, alikochimba Revil Mason, kijiji kizima cha wafua chuma cha milenia ya kwanza. Vichwa vya udongo vya Lydenburg ni vya mwaka 500 hivi. Zaidi ya miaka elfu moja kabla ya meli za Waholanzi. Hadithi ya serikali ya makaburu ikabaki bila mguu wa kusimamia, ingawa iliendelea kufundishwa.

Kwa hiyo siogopi kipimo. Ninachoogopa ni mtu kusoma “tarehe chache” na kuandika “hakukuwa na watu”. Tarehe 1,149 zinaonekana nyingi, lakini zigawe kwenye msitu mkubwa kuliko Tanzania nzima, na kwenye miaka zaidi ya elfu mbili. Halafu tazama zilikotoka. Timu ya Mjerumani Manfred Eggert ilizunguka mito ya Equateur kwa mashua kuanzia 1977, ikatambua vyungu vya Imbonga vilivyo miongoni mwa vya kale kabisa katikati ya bonde la mto Kongo. Kwa hiyo kule tunajua kingo za mito. Kameruni tunajua palipopita bomba la mafuta kutoka Chad, kwa sababu wanaakiolojia walitangulia mbele ya matingatinga. Katikati ya mito, ndani ya Kongo, kuna maeneo makubwa ambayo hakuna aliyewahi kuchimba shimo hata moja.

Kuporomoka kwa watu nakuamini. Utupu siuamini.

Lualaba_Juu

Kaka, miye ni mtu wa Katanga. Kwetu Upemba tuko na makaburi ya zamani sana kando ya ziwa Kisale. Hayo yanaingia namna gani katika hesabu yako?

Kokwa_Nyeusi

Asante kaka, Upemba ni pazuri mno kwa mjadala huu, maana ni savana na maziwa, kusini mwa msitu, na mambo yake yalikwenda kivyake.

Sanga, penye makaburi hayo ya Kisale, ilichimbwa kuanzia 1957, kisha de Maret akarudi huko miaka ya 1970 na kupima tarehe zaidi. Ilipokuwa grafu ya msitu bado iko chini, karne ya 8 na kuendelea, watu wa Kisale walikuwa wanazidi kustawi. Walizikwa na vyungu vyao vya umbo la pekee, vingine vidogo vya mazishi ya watoto, na mapambo ya shaba. Makaburi yaliyofuata, ya kipindi kinachoitwa Kabamba, yana misalaba midogo ya shaba ambayo polepole ikageuka fedha ya kununulia. Wengi wanaona humo mizizi ya dola ya Waluba.

Basi msitu unapungukiwa watu, na pembeni yake, penye samaki na ardhi ya mtama, watu wanazidi kujipanga. Sidai kwamba waliotoka msituni walihamia Upemba. Hakuna aliyeonyesha hivyo. Lakini ukisema “Kongo ilikufa mwaka 400” umewafuta mababu zako wewe mwenyewe.

Daktari_Kijiji

Nimeridhika na hesabu. Turudi kwenye chanzo. Ni nini kiliwaua? Kama ni 400 hadi 600, mimi akili yangu inakwenda moja kwa moja kwenye tauni ya Justinian, ile iliyoikumba milki ya Roma ya Mashariki karne ya 6.

Kokwa_Nyeusi

Hata watafiti wenyewe wameitaja. Tauni ile ilifika Constantinople mwaka 542, na waandishi wa wakati huo waliiona ikitokea Misri. Bakteria wa tauni wana tawi la kale linalopatikana mpaka leo Afrika ya Kati na Mashariki, na wewe daktari unajua Ituri, kaskazini mashariki mwa Kongo, bado inatoa wagonjwa. Kwa hiyo si wazo la kutupa.

Lakini angalia saa yako. Grafu inaanza kushuka mwaka 400 hivi, zaidi ya miaka mia moja kabla ya Justinian. Udongo wa msituni una tindikali, mifupa haikai, na bila mifupa hakuna DNA ya bakteria ya kutoa ushahidi. Watafiti wamesema “huenda”, na ugonjwa wa kudumu muda mrefu, tena wakati ambapo hali ya hewa ilikuwa inazidi kuwa ya mvua. Mimi mvua naipa uzito. Wale watu wa kwanza waliingia msitu ulipokuwa umekonda na una mapengo. Msitu ukijifunga tena, shamba linakuwa gumu kuunguza, njia zinaziba, na vijiji vinakaa mbalimbali. Ugonjwa ukiingia katika hali hiyo unamaliza kijiji na hakuna jirani wa kukijaza.

Mjukuu_wa_Bunia

Shikamooni wakubwa. Mbona mnaongea kama msituni kulikuwa na Wabantu tu? Wambuti na Waefe, wawindaji wa msitu wa Ituri, wako wapi katika grafu hii? Wao wako hapa kabla ya vyungu vyote hivyo.

Kokwa_Nyeusi

Marahaba. Umegusa upungufu mkubwa kuliko yote, na natamani ungeandikwa kwa herufi kubwa kila grafu hiyo inapochapishwa.

Hawamo, au wamo kwa kiasi kidogo mno. Utafiti umejengwa juu ya tarehe zinazofungamana na vyungu. Mtu anayehama na kambi ya majani, anayepika kwa kuchoma na kufunga kwenye majani, anaacha majivu mepesi ambayo mvua ya msimu mmoja inayasomba. Hachimbi shimo la mita mbili na kulijaza vigae. Kwa kipimo hiki, kambi hamsini za Wambuti zinaweza kuonekana sifuri, na kijiji kimoja cha wafinyanzi kikaonekana mji.

Ila wapo kwingineko. Kwenye mapango ya miamba ya Ituri, Julio Mercader alichimbua zana za mawe za maelfu mengi ya miaka kabla ya chungu cha kwanza. Vinasaba vinaonyesha kwamba mababu wa Wambuti, Watwa na Wabaka walitengana na mababu wa wakulima makumi ya maelfu ya miaka iliyopita. Kwa hiyo mwaka 500, vijiji vya wakulima vilipokuwa vinazimika, wao walikuwapo. Huenda kwao karne zile zilikuwa za nafasi zaidi. Nauliza tu, maana kaboni haijawauliza.

Leo Watwa wa maeneo kadhaa wanaondolewa kwenye misitu kwa jina la hifadhi, wakiambiwa ni msitu ambao haujaguswa na binadamu. Wanasayansi wa misitu wakichimba chini ya miti mikubwa ya kusini mwa Kameruni na kaskazini mwa Kongo-Brazzaville wanakuta mkaa, vigae na kokwa za chikichi. Msitu wote huo una mikono ya watu ndani yake.

Nyuki_wa_Tabora

Swali la mwisho kwangu. Biashara ya watumwa na mauaji ya enzi za mpira yanaonekanaje kwenye grafu? Huko si ndiko tungetegemea shimo refu kuliko la mwaka 500?

Kokwa_Nyeusi

Hayaonekani. Kuanzia mwaka 1650 hivi hadi 1950 mstari wa marekebisho unapanda na kushuka kiasi kwamba sampuli ya mwaka 1680 na ya mwaka 1890 zinaweza kutoa jibu lilelile. Moshi wa makaa ya mawe wa viwanda vya Ulaya nao ulivuruga kaboni ya anga. Juu ya hapo, mchimbaji akiona kigae kinafanana na vya bibi yake, mara nyingi hatumii fedha kukipima. Kwa hiyo mwisho wa grafu ni dhaifu kwa sababu zisizohusu watu hata kidogo.

Mtu akikuonyesha grafu ya radiokaboni na kusema “unaona, Leopold hakupunguza watu”, mwambie saa hiyo haisomi dakika hizo. Kwa enzi zile kuna hati, kuna ripoti ya Roger Casement, konsuli wa Uingereza, ya 1904, kuna simulizi za wazee, kuna hesabu za misheni. Huko ndiko pa kwenda.

Lualaba_Juu

Kaka, jambo moja la mkononi. Mdogo wangu iko anajenga karibu na Bukama. Wamechimba msingi wamekuta vigae vingi na udongo mweusi. Afanye nini? Fundi anataka kuendelea.

Kokwa_Nyeusi

Mwambie fundi asimamishe kona hiyo tu, kwingine aendelee. Vigae visioshwe. Apige picha ukuta wa shimo kutoka pembeni, aweke rula au hata chupa ya maji ili ukubwa uonekane, na apime kina kutoka juu hadi palipoanza udongo mweusi na palipoishia. Akiona mkaa au kokwa zilizoungua asizishike kwa mkono. Achukue kwa ncha ya kisu kisafi, afunge kwenye karatasi ya alumini, na aandike nje kimetoka kina gani na pamoja na kigae kipi. Asifunge kwa pamba wala gazeti, maana nazo ni kaboni. Asipake gundi wala mafuta. Akiona mfupa wa mtu au msalaba wa shaba, asitoe kitu chochote: huenda ni kaburi, awaite wazee wa hapo kwanza, kisha Makumbusho ya Lubumbashi.

Kama zege halijamwagwa, niwekee hapa kina cha shimo na picha ya ukuta wake. Kigae chenye mdomo wa chungu kipigwe picha pande zote mbili.